Wiki kumi za joto na watoto wawili: mpango wa yaya aliye mgeni Maryland

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ya uyaya Silver Spring, Maryland, na huu ni mwaka wangu wa kwanza. Nalea watoto wawili: wa kike ana miaka minne, wa kiume ana mwaka na nusu. Chekechea ya huyu mkubwa inafungwa katikati ya Juni mpaka mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo nitashinda nao wote wawili Jumatatu hadi Ijumaa. Mama yao ameniomba nimwandikie mpango wa shughuli za majira ya joto. Mayaya wengine ninaokutana nao bustanini wana madaftari yaliyojaa kazi za mikono na safari za kila siku. Mimi gari silipati kila siku, na sijui nianzie wapi. Nisaidie.

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla shule hazijafungwa.

Kwanza yaweke pembeni hayo madaftari ya wenzako. Nililea watoto eneo hilohilo kwa miaka kumi na mbili kabla sijaanza kuwafundisha mayaya wapya, na mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na daftari kama hilo. Kila saa niliiandikia shughuli yake. Jumatano ya wiki ya pili nikajikuta nimesimama kwenye foleni ya makumbusho saa saba mchana, mdogo analia usingizi, mkubwa amekaa chini hataki kutembea, nepi imejaa, na mimi machozi yananilengalenga. Makumbusho yenyewe yalikuwa mazuri sana. Nilichokosea ni ile saa saba.

Tangu siku hiyo huwa naanza na saa, shughuli baadaye. Siku ya mtoto mdogo wakati wa joto hupangwa na mambo mawili: jua na usingizi. Ukishajua saa zipi ni za nje, zipi za ndani na zipi za maji, utaona shughuli zenyewe zinajipanga, na nyingi hazihitaji senti. Tena usiogope siku kufanana. Mtoto wa mwaka na nusu hachoki kurudia jambo lilelile. Akijua kwamba baada ya maji kuna ndizi na baada ya ndizi kuna kitabu, anatulia, na yaya anatulia naye.

Kwa hiyo tuanze na asubuhi. Mwezi wa Julai hapo kwenu joto hufika 90 za Fahrenheit na kupita, yaani nyuzi 32 na zaidi kwa vipimo tulivyozoea. Utasema Dar ni hivyohivyo. Ni kweli, lakini Dar mtoto anacheza kwenye mchanga chini ya mwembe. Hapa anacheza kwenye lami na mpira mweusi uliotandazwa chini ya bembea, na mtelezo wa plastiki uliopigwa na jua tangu alfajiri unaweza kumuunguza mapaja. Kabla hujamruhusu kupanda, weka mgongo wa mkono wako juu ya mtelezo uhesabu polepole hadi kumi. Ukiuondoa kabla hujafika kumi, tafuteni mchezo mwingine.

Toka nao saa mbili asubuhi, au mara tu wazazi wanapoondoka, na saa nne na nusu muwe mnarudi. Jua kali zaidi ni la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Losheni ya jua ipakwe ndani ya nyumba, robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, iwe ya SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua), na urudie kila baada ya saa mbili na kila wakitoka majini. Najua wengi wetu hatukukulia na losheni hizo na twaziona kama mbwembwe. Usizidharau. Ngozi za watoto wengi utakaowalea zinaungua ndani ya muda mfupi sana, na mzazi akirudi akakuta mabega mekundu hatasahau. Muulize mama anataka losheni ipi, umwombe ruhusa kwa maandishi, na ukipaka usisahau masikio na juu ya miguu.

Jambo jingine nalisema kwa sababu sisi ndio tunaolifanya zaidi: usifunike kigari cha mtoto kwa kanga ili kumkinga na jua. Nimewaona wengi, na mimi nilifanya. Hewa ya ndani inakwama na joto linapanda haraka, hata kitambaa kikiwa chepesi. Simamisha kigari kivulini, tumia kile kipaa chake, na kanga itandike chini ya mti mkalie. Kwa kazi hiyo hakuna kinachoizidi.

Asubuhi hizo mwende wapi? Nyuma ya nyumba kwanza. Nikupe mfano wa asubuhi moja ambayo nimeifanya mara nyingi kuliko safari yoyote. Chukua ndoo ndogo mbili za maji na brashi mbili pana za kupakia rangi, zile za dola chache dukani. Waambie tunapaka rangi uzio. Mkubwa atapaka mbao moja mpaka iwe nyeusi kwa maji, aende ya pili, aende ya tatu, halafu ageuke akute ile ya kwanza imerudi kuwa nyeupe. Hapo ndipo somo linapoanza. "Maji yameenda wapi?" Usikimbilie kumjibu. Muulize yeye anadhani yameenda wapi. Mtoto mmoja wa miaka minne aliniambia uzio ulikuwa na kiu. Tukapaka upande wa kivulini, tukaona unachelewa kukauka, naye akasema uzio wa huku umeshashiba. Kesho yake aliamka anataka kujua kama una kiu tena. Yule mdogo wakati huo wote alikuwa akichovya brashi ndooni, akiitoa, akiichovya, akijimwagia tumboni na kucheka. Kazi moja, watoto wa umri tofauti, kila mmoja kapata chake. Ukitafuta shughuli kwa hawa wawili wako, tafuta za namna hiyo: isiwe na njia moja tu ya kuifanya. Mchanga na vikombe, majani ya kupanga kwa ukubwa, kokoto za kutumbukiza majini, maboksi ya kartoni. Kazi ya mikono yenye gundi na kukata kwa mstari itampendeza mkubwa, ila mdogo ataila gundi.

Mkichoka na nyumbani, teremkeni Sligo Creek. Kile kijito kinapita Silver Spring na Takoma Park, kina njia ya lami inayopitisha kigari, na sehemu kubwa ya njia ni kivuli cha miti. Mpe mkubwa mfuko wa karatasi akusanye vitu vitano tu. Ukimwachia bila hesabu utarudi umebeba mawe. Kuanzia Julai utasikia nyenze wakilia mitini kutwa, na magamba yao matupu yameng'ang'ania kwenye magome, rangi ya kahawia kama karatasi iliyokaangwa. Mwaka 2021 hapo Maryland walitoka wale wa kila baada ya miaka 17, wakajaa mitaani kwa mamilioni, na mtoto niliyekuwa naye alikusanya magamba sanduku zima la viatu. Hawaumi. Mfundishe binti kulitoa gamba polepole bila kulivunja mguu, ni mazoezi ya vidole kuliko shanga.

Huko kijitoni kuna kupe. Wavalishe soksi, msiingie kwenye nyasi ndefu, na wakati wa kuwaogesha kagua nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumpinda, usimchome moto wala kumpaka mafuta, na umwambie mama siku hiyohiyo. Ugonjwa wa Lyme kwa kawaida huambukizwa kupe akishakaa ngozini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo ukaguzi wa kila siku unasaidia kweli. Na mmea wowote wenye majani matatu matatu kando ya njia, waambie haushikwi.

Mchana ndio unaowashinda mayaya wengi. Chakula saa tano na nusu, na saa sita na nusu mdogo alale. Usingizi wake huo mmoja wa mchana ulinde kama mboni ya jicho. Usimpeleke popote saa hiyo, hata rafiki yako akikuita bustanini. Zabibu zikate kwa urefu vipande vinne, soseji hivyohivyo, na bisi usimpe hata huyo mkubwa mpaka apite miaka minne. Tikiti maji litoe mbegu.

Mdogo akishalala, mkubwa naye apate saa ya kimya. Halazimishwi kulala. Anakaa chumbani mwake na sanduku lake: vitabu, wanasesere, karatasi, kalamu za rangi. Mwanzo atatoka kila dakika tano. Anza na dakika kumi na tano, ongeza kidogo kidogo, na mwekee saa ya jikoni aisikie ikilia. Wewe wakati huo kaa, kunywa maji, kula. Yaya asiyekula mchana saa kumi anakuwa mkali, nami nilikuwa hivyo.

Baada ya kimya, mdogo akiwa bado amelala, huo ni muda wenu wawili. Huyo binti amegawana watu wote na mdogo wake kwa mwaka na nusu. Nusu saa ya kuwa na mtu peke yake ni kubwa kwake. Mimi nilikuwa napika nao chapati. Nyumba ina kiyoyozi, jiko lina nafasi, na unga uko tayari. Mpe bakuli lake, apime vikombe viwili vya unga, amimine maji, akande. Mara ya kwanza vidole vitanata atashtuka. Mwambie aongeze unga kidogo, asubiri, akande tena, naye ataona donge likijikusanya lenyewe mikononi mwake. Akisukuma, chapati yake itatoka kama ramani ya Kongo. Ipike hivyohivyo, umwekee jina lake, baba aikute jioni. Moto unabaki kuwa wako peke yako.

Kuanzia saa kumi rudini kwenye maji. Kidimbwi cha plastiki kivulini, bomba la bustani linalonyunyiza, au bustani za kaunti zenye maji yanayoruka kutoka sakafuni. Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote.

Marekani, chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto wa mwaka mmoja hadi minne ni kuzama majini. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono kama tunavyofikiri. Anazama kimya, ndani ya dakika chache, na maji ya kina cha vidole vitatu yanamtosha mwenye mwaka na nusu. Kwa hiyo wakiwa majini wewe uko umbali wa mkono wako, magoti yako yakiwa yamelowa, na simu iko ndani ya begi. Simu ikilia, ilie. Ukitaka kwenda kuchukua taulo, watoto wote wawili wanatoka majini kwanza. Yale maboya ya kuvaa mkononi ni vichezeo, usiyategemee. Wakimaliza, mwaga kidimbwi na ukigeuze juu chini kila siku, kwa usalama wa watoto na kwa sababu ya mbu. Wale mbu weusi wenye mistari myeupe wa Maryland wanauma mchana kweupe na wanazaliana hata kwenye kifuniko cha chupa.

Na bwawa kubwa? Jiulize kwanza: unajua kuogelea? Wengi wetu tumezaliwa tukisikia mawimbi na hatujui kuogelea, hasa wasichana. Hakuna aibu. Aibu ni kumwambia mama "ndiyo" ili usionekane hufai. Mwambie ukweli: "Sijui kuogelea, kwa hiyo bwawani nitakwenda nao mmoja wenu akiwepo." Mzazi mwenye akili atakuheshimu zaidi. Kisha jifunze. Mabwawa ya kaunti ya Montgomery yana masomo ya watu wazima pia, na ni halali kumwomba mwajiri achangie, maana faida ni ya watoto wake. Akikubali, mwombe pia akulipie kozi ya huduma ya kwanza na ya kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo umesimama (CPR). Cheti cha Red Cross hudumu miaka 2 na utakitumia hata ukihama familia.

Sasa safari. Mimi nasema moja kwa wiki, na iishe kabla ya chakula cha mchana. Bahati yako unakaa kwenye reli nyekundu ya Metro, na kila mtu mzima anayelipa nauli anaruhusiwa watoto wawili walio chini ya miaka mitano bure. Hao wako wote wanaingia.

Bustani ya wanyama ya Smithsonian, ile taasisi ya makumbusho ya Washington, haina kiingilio, ila unachukua tiketi za bure mtandaoni kabla, moja kwa kila mtu, pamoja na huyo mdogo. Shuka kituo cha Cleveland Park. Ukishuka Woodley Park utasukuma kigari kwa kupanda mlima. Fika mapema, wakati wanyama bado wako macho na jua halijakaza. Mkiingia langoni wote wataulizia panda, maana wale wapya wawili, Bao Li na Qing Bao, walianza kuonyeshwa Januari 2025. Waone, lakini usishangae mtoto wako akipenda zaidi bata wa bwawani. Niliwahi kutumia saa nzima na mtoto akiangalia mfanyakazi akiosha sakafu ya tembo kwa bomba. Hiyo ilikuwa safari yake. Niliiacha iwe hivyo.

Siku ya mvua au ya moshi, nenda jumba la makumbusho ya viumbe, lile la Smithsonian. Ni bure, halina tiketi, linafunguliwa saa nne asubuhi. Unabadilisha treni Metro Center, unashuka Federal Triangle, na mlango wa Constitution Avenue hauna ngazi za kukusumbua na kigari. Ukumbini utamkuta tembo mkubwa aliyetoka Angola, amesimama hapo tangu 1959. Msimulie binti kwamba bibi zako wanaishi bara moja na tembo kama huyo. Oneni tembo, chumba kimoja kingine, mrudi. Moshi nao usiupuuze: Juni 2023 moshi wa misitu iliyoungua Kanada ulifika Washington, na kwa siku kadhaa watoto hawakutakiwa kutoka nje. Angalia usafi wa hewa kwenye tovuti ya AirNow asubuhi. Rangi ya chungwa maana yake punguzeni kukimbia nje, nyekundu na zambarau bakini ndani.

Siku ukipata gari, Brookside Gardens ya Wheaton haina kiingilio, na katikati ya Julai bustani ya maji ya Kenilworth, Washington, inajaa mayungiyungi makubwa kuliko kichwa cha mtoto. Mkirudi, fungua mlango wa nyuma kabla hujafunga gari. Joto ndani ya gari lililozimwa linapanda kama nyuzi 20 za Fahrenheit kwa dakika kumi, na wanaosahau watoto si watu wabaya, ni watu waliochoka. Dawa ninayoifundisha: weka mkoba wenye simu yako chini ya kiti cha mtoto. Huwezi kuondoka bila kuona.

Maktaba ya kaunti iwe ya kila wiki, siku ileile. Kuna saa ya hadithi kwa wadogo, kuna shindano la kusoma la majira ya joto ambalo hata mwenye mwaka na nusu anasajiliwa, kuna kiyoyozi, na kuna mayaya wenzako. Chukua kadi kwa jina lako. Kukaa peke yako na watoto wasioweza kuzungumza nawe mambo ya kikubwa, wiki kumi, kunachosha roho, na huko maktaba ndiko nilikopata marafiki ninaowapigia simu mpaka leo. Kama una watoto wako mwenyewe, uliza hapohapo habari za chakula cha mchana cha bure cha majira ya joto. Ni mpango wa serikali kwa watoto wote mpaka miaka 18. Kwenye vituo vingi vya bustani na maktaba mtoto anafika, anakula, hakuna fomu.

Umeniambia kwamba wenzako wana vitu vingi kuliko wewe. Wewe una kitu ambacho hawana, na ni lugha yako. Muulize mama kama angependa watoto wasikie Kiswahili. Wengi hufurahi sana. Mtoto wa miaka minne yuko kwenye umri wenyewe wa vitendawili. "Kitendawili!" Mfundishe kuitikia "Tega!" Anza na "Nyumba yangu haina mlango", umpe yai mkononi alizungushe kutafuta mlango. Baada ya siku tatu atakutegea vyake, ambavyo havina maana yoyote, na wewe utasema "nakupa mji". Mkiwa kivulini, fungua hadithi kwa "Paukwa", naye ajibu "Pakawa", halafu umsimulie sungura na fisi kama ulivyosimuliwa. Mwezi wa nane mfundishe mdako kwa kokoto kubwa, mdogo akiwa amelala, maana kokoto zinaishia kinywani. Kombolela chezeni wote watatu. Haya yote ni shughuli halisi. Yaandike kwenye mpango kwa majina yake, uyaeleze faida zake: maneno, kumbukumbu, kuhesabu, kungoja zamu.

Runinga sitaizungumzia sana. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba walio na miaka miwili hadi mitano wasizidi saa moja kwa siku ya vipindi vizuri, na wadogo wa chini ya miezi 18 wasiwekewe kabisa isipokuwa kuongea na ndugu kwa video. Uliza kanuni ya nyumba hiyo, uifuate.

Kabla hujampa mama mpango, kaa naye nusu saa na mkubaliane mambo ambayo hayapendezi kuyasema. Saa zako zitaongezeka shule ikifungwa? Kama hulali kwao, sheria ya shirikisho inataka kila saa inayozidi 40 kwa wiki ilipwe kwa moja na nusu. Familia ikisafiri wiki mbili Agosti, utalipwa? Jibu lipatikane Juni. Pesa za nauli, aiskrimu na tiketi zitoke wapi? Ziwekwe kwenye bahasha, nawe uweke risiti humo. Ukitumia gari lako, omba fidia ya maili. Kiwango cha mamlaka ya kodi mwaka 2025 kilikuwa senti 70 kwa maili. Kaunti ya Montgomery ilipitisha mwaka 2008 sheria inayomtaka mwajiri kumpa mfanyakazi wa nyumbani anayefanya saa 20 au zaidi kwa wiki mkataba wa maandishi, kwa hiyo ukiuomba hujamkosea mtu adabu. Omba pia barua ya ruhusa ya matibabu, na ubandike namba mbili kwenye friji: ya dharura, 911, na ya kituo cha sumu, 1-800-222-1222. Picha za watoto zisiingie kwenye simu ya mtu yeyote zaidi ya wazazi.

Jambo moja dogo ambalo wageni hulishangaa: mwezi wa Juni jua la huko linazama baada ya saa mbili na nusu usiku. Ukiwa zamu ya jioni, mtoto atakuambia bado mchana, na ana haki. Funga mapazia mazito saa moja, uwaogeshe, usibishane na jua. Ijumaa moja tu, kwa ruhusa ya wazazi, waache wachelewe wawaone vimulimuli wakipanda kutoka kwenye majani.

Mpango wenyewe uwe ukurasa mmoja. Juu uandike saa: nje asubuhi, ndani mchana, maji alasiri. Chini yake siku: Jumatatu nyuma ya nyumba, Jumanne maktaba, Jumatano Sligo Creek, Alhamisi safari. Ijumaa iache tupu. Mama akikuuliza mbona hapo hapana kitu, mwambie siku hiyo atachagua binti yake, na huenda akachagua uzio na ndoo.